Transfoma Mbili: Ipi Iondolewe, Ipi Ibaki?

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza: ukisikia vyavuma, vimeundwa vilevile. Pita stendi ya matatu hapa Nakuru jioni, usikie besi inavyotikisa vioo vya magari. Pita mtaani Jumapili asubuhi, usikie honi za makanisa zikiitana na kuitikiana. Kila pahali pana sanduku lililofichwa, kazi yake ni kuchukua sauti hafifu kama mnong'ono na kuigeuza ngurumo. Sanduku hilo ndilo amplifaya, yaani kikuza sauti.

Katika makala haya ninakusudia kueleza aina moja ya amplifaya ambayo imewasumbua na kuwafurahisha mafundi kwa zaidi ya miaka 70: amplifaya ya vali isiyo na transfoma ya kutolea sauti. Najua utauliza, "Ya nini habari za vali siku hizi za simu na kompyuta?" Swali zuri. Nina majibu matatu.

Kwanza, redio za vali hazijaisha. Ziko kwa akina babu na nyanya, juu ya kabati, zimefunikwa kitambaa cha kufuma. Kila mwaka hakosi mwanafunzi anayetaka kuifungua moja aone kilichomo, hasa wakati wa mashindano ya sayansi unapokaribia. Pili, vali hufundisha. Ndani ya simu huoni kitu; ndani ya vali unauona moto wenyewe ukiwaka. Tatu, na hili ndilo kubwa, neno "transfoma" limeleta mkanganyiko wa hatari. Ndani ya amplifaya ya vali mna transfoma mbili zenye kazi mbili tofauti. Ukiiondoa moja, utakuwa umeingia katika ufundi wa juu. Ukiiondoa ya pili, unaweza kuingia kaburini. Mtu asiyezipambanua hafai kushika koleo.

VALI NI NINI?

Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ndani yake mna uzi mwembamba unaopashwa moto kwa stima, kama ule wa balbu ya kizamani. Uzi huo hupasha kathodi, na kathodi ikiwa moto hutoa elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme. Kando yake kuna bati liitwalo anodi, ambalo limepewa volti nyingi chanya. Elektroni huvutwa zikaruka kutoka kathodi hadi anodi. Hapo vali ya nguzo mbili imekamilika. Mwingereza John Ambrose Fleming aliibuni mwaka wa 1904.

Mwaka wa 1906 Mmarekani Lee de Forest aliongeza nguzo ya tatu katikati, ambayo baadaye ilipewa umbo la wavu na kuitwa gridi. Mfano wake ni lango la mfereji wa kunyunyizia shamba. Mtoto mdogo anaweza kuinua na kushusha lango kwa mkono mmoja, ilhali maji yanayopita ni mengi ya kumwangusha mtu mzima. Vivyo hivyo, volti ndogo kwenye gridi hutawala mkondo mkubwa unaoelekea anodi. Sauti ndogo ikitikisa gridi, mkondo mkubwa nao hutikisika kwa mwendo uleule. Huko ndiko kukuza sauti.

Humu nchini matangazo ya redio yalianza mwaka wa 1928, na huduma ya matangazo kwa Waafrika, Kiswahili kikiwemo, ikaanza mwaka wa 1953. Wakati huo kusema redio kulikuwa ni kusema vali. Mwaka wa 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya vali ya bei nafuu iliyoitwa Saucepan Special, kwa sababu kasha lake lilikuwa kama sufuria ya alumini. Shida ya redio hizo ilikuwa betri. Vali hutaka volti nyingi, mara nyingi 90 kwa redio za betri, na betri moja ya tochi hutoa volti 1.5 tu. Piga hesabu: betri 60! Ndiyo sababu zilitengenezewa mabetri maalum, makubwa na ghali. Transista ilipokuja, redio ikatosheka na betri nne au sita za kawaida, zile ambazo kampuni ya Eveready, iliyoanzishwa mwaka wa 1967, ilizitengeneza papa hapa Nakuru hadi kiwanda kikafungwa mwaka wa 2014.

Kwa hivyo shika jambo hili: vali ni mtu wa volti nyingi na mkondo mdogo. Ndiyo tabia yake, na humo ndimo hadithi yetu yote inamotoka.

MKALIMANI KATI YA VALI NA SPIKA

Spika nayo ina tabia yake, tena kinyume. Ndani ya spika mna koili fupi ya waya iliyogundishwa kwenye karatasi. Koili hiyo inataka mkondo mkubwa na volti kidogo. Spika za kawaida zina ukinzani wa omu 4, 8 au 16.

Tuchukue vali maarufu iitwayo EL84. Ikiwa peke yake kwenye volti 250, hupenda kusukuma mzigo wa takriban omu 5,200, na huweza kutoa wati 5 na ushei. Sasa tulinganishe wati 5 za vali na wati 5 za spika:

Kwenye omu 5,200, wati 5 ni volti 161 na miliampea 31.
Kwenye spika ya omu 8, wati 5 ni volti 6.3 na miliampea 790.

Nguvu ni ileile, lakini mmoja anaongea kwa volti na mwingine anasikia kwa mkondo. Ukiwaunganisha moja kwa moja, zile miliampea 31 zikipita kwenye omu 8 hazitatoa hata sehemu moja ya mia ya wati. Utainamisha sikio na usisikie kitu cha maana.

Basi anahitajika mkalimani. Mkalimani huyo ni transfoma ya kutolea sauti. Ina koili mbili zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Ya upande wa vali ina mizunguko mingi. Ya upande wa spika ina michache. Katika mfano wetu, mizunguko 25.5 upande wa vali kwa kila mzunguko mmoja upande wa spika. Volti hugawanywa kwa 25.5, mkondo huzidishwa kwa 25.5. Gawa 161 kwa 25.5 uone kama hupati 6.3. Hesabu haidanganyi.

Transfoma hiyo hufanya kazi nyingine ya kimyakimya, ambayo wengi husahau. Koili zake mbili hazigusani. Upande wa vali una mamia ya volti. Upande wa spika una volti chache tu za sauti. Kwa hiyo mkalimani wetu ni mlinzi pia. Anayeshika waya za spika hashiki volti 250. Tia hilo mfukoni, tutalirudia.

WALIOMFUKUZA MKALIMANI

Ikiwa ni mzuri hivyo, kwa nini watu wamfukuze? Kwa sababu kila mkalimani hupunguza na kuongeza yake. Transfoma nzuri ni nzito, ni ghali, na ni kazi kuizungusha. Sauti nene za chini huhitaji chuma kingi; kikiwa kidogo, besi hupondeka. Sauti nyembamba za juu hupotea kati ya koili na koili. Mafundi wakajiuliza: je, vali haiwezi kuzungumza na spika ana kwa ana?

Zikapatikana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kumbadilisha msikilizaji. Kampuni ya Philips ya Uholanzi, miaka ya mwisho ya 1950, ilitengeneza redio zenye spika za omu 800. Koili ya spika hizo ilizungushwa kwa waya mwembamba sana. Kwenye omu 800, wati 5 ni volti 63 na miliampea 79. Kiasi hicho jozi ya vali aina ya EL86 inakimudu bila mkalimani. Werevu ulioje! Lakini waya huo mwembamba ukiungua leo, hakuna duka utakaloingia ukaomba spika ya omu 800, na spika ya kawaida haiwezi kushika nafasi yake.

Njia ya pili ni ya harambee. Ikiwa vali moja haiwezi kutoa mkondo wa kutosha, ziite nyingi zibebe mzigo pamoja. Julius Futterman wa New York alichapisha mpango wake mwaka wa 1954 katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani, na mwaka wa 1956 akapewa hataza, yaani haki rasmi ya ubunifu wake. Alipanga vali mbili kama ghorofa, moja juu ya nyingine, na spika ikachukua sauti yake katikati ya ghorofa hizo. Vali ya juu husukuma, ya chini huvuta. Ghorofa zikiongezewa vali kando kando, mkondo unaongezeka.

Vali iliyopendwa na wafuasi wa njia hii ni 6AS7G. Haikuundwa kwa muziki. Iliundwa ili kutuliza volti ndani ya mitambo ya umeme. Lakini chupa moja ina vali mbili ndani yake, na kila moja ina ukinzani wa ndani wa omu 280 tu, ilhali EL84 ina maelfu mengi ya omu. Ni vali yenye kifua kipana.

Ila harambee ina gharama. Uzi wa 6AS7G moja hula ampea 2.5 kwa volti 6.3, yaani karibu wati 16. Weka chupa nne: wati 63 zimeisha kwa kupasha nyuzi tu, kabla hujasikia hata noti moja. Ongeza nguvu inayoliwa na anodi zikisubiri kazi, utapita wati 100 kwa urahisi. Yote hayo kwa ajili ya wati chache za muziki. Kilichobaki ni joto. Mwenye amplifaya kama hiyo kule Molo atakuwa amepata muziki na jiko kwa pamoja, lakini bili ya stima haitamchekea.

LANGO LA KATIKATI

Hapa pana jambo ambalo lazima lieleweke kabla mtu hajagusa waya. Ghorofa zetu mbili za vali zikiwa kwenye volti 300, ile sehemu ya katikati inakaa kwenye volti 150 hivi muda wote, hata muziki ukiwa kimya. Ukichomeka spika hapo moja kwa moja, mkondo usiokoma utapita kwenye koili hadi inuke moshi.

Tiba yake ni kapasita. Kapasita huzuia mkondo ulionyooka, lakini huruhusu mtikisiko wa sauti upite. Ni kama ngozi ya ngoma: mkono wako haupiti, ila mdundo unapita. Ukubwa wake unategemea mzigo. Ili besi ya mitikisiko 20 kwa sekunde isipotee sana, spika ya omu 8 inahitaji kapasita ya mikrofaradi 1,000, lakini ile ya Philips ya omu 800 inatosheka na mikrofaradi 10. Ona tena faida ya ukinzani mkubwa.

Sasa toa mfukoni lile nililokuambia uweke. Tulipokuwa na transfoma ya kutolea sauti, koili zisizogusana zilitenga volti nyingi na vidole vya msikilizaji. Sasa kilichobaki ni kapasita peke yake. Kapasita kuukuu hupasuka au kuvuja. Ikiharibika, volti za ndani zinakuja kwenye waya za spika bila kubisha hodi. Mlinzi wa kwanza amefukuzwa kazi. Je, wa pili yupo?

HONI ZA UWANJANI

Kabla ya kujibu, nikujibu wewe unayesema, "Lakini zile honi za gwarideni huwekwa mbali, zina waya mrefu, na hata amplifaya moja hulisha honi kumi. Hizo si za omu 8." Umesema kweli. Amplifaya nyingi za honi hutoa sauti kwa volti 100, ili waya mrefu usile nguvu. Honi ya wati 10 kwenye volti 100 huonekana kama mzigo wa omu 1,000. Lakini fungua mgongo wa honi uone: mna transfoma ndogo. Mkalimani hakufukuzwa, amehamishwa makao tu. Kwa hivyo usidanganyike kwamba kila mahali ambapo hatuioni transfoma, haipo.

TRANSFOMA YA PILI

Stima yetu ni ya volti 240. Hutoka Olkaria kule Naivasha, ambako mvuke wa ardhini ulianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981, na mitambo mingine, hadi ikafika kwenye tundu la ukutani. Katika amplifaya iliyoundwa vizuri, stima ikiingia tu hukutana na transfoma ya nguvu. Koili moja imeunganishwa na ukuta. Koili nyingine, zisizogusana na ile ya kwanza, hutoa volti za anodi na volti 6.3 za nyuzi. Kazi yake ya wazi ni kubadilisha volti. Kazi yake kubwa zaidi ni kututenga na nguzo ya stima.

Lakini zamani watengenezaji wengine wa redio waliiondoa hii nao ili kupunguza bei. Walitumia vali za jamii ya U, ambazo nyuzi zake huunganishwa moja baada ya nyingine kama shanga, zikagawana volti za ukutani. UL84, kwa mfano, huchukua volti 45, na UY85 huchukua 38. Cha ajabu ni kwamba UL84 ni ile EL86 ya Philips, imebadilishwa uzi tu. Katika redio hizo, bati la ndani limeunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Plagi ikigeuzwa, au waya zikiwa zimebadilishana nyuma ya tundu, bati lote lina volti 240. Usalama wa mwenye redio ulitegemea kasha la mbao, vitufe vya plastiki, na ile transfoma ya kutolea sauti iliyotenga spika.

Sasa unaona mtego uliko. Kijana amesoma kwamba amplifaya bora haina transfoma ya kutolea sauti. Ana redio ya babu, ambayo kumbe haina transfoma ya nguvu. Anaing'oa ile moja iliyomo, anaweka kapasita, anaunganisha hedifoni, anazivaa masikioni. Waya mmoja wa hedifoni unatoka kwenye kapasita. Waya wa pili umefungwa kwenye bati, na bati limefungwa kwenye stima. Kati ya ubongo wake na nguzo iliyo nje ya nyumba hakuna kitu isipokuwa plastiki nyembamba. Akigusa bomba la maji, hadithi imeisha.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na ningependa kila msomaji aikariri: transfoma ya kutolea sauti inaweza kuondolewa; transfoma ya nguvu haiondolewi kamwe. Tena ukiondoa ya kwanza, ya pili inakuwa ya lazima maradufu.

Kuna mtego mwingine mdogo. Vile visanduku vya kupunguza volti 240 hadi 110, vinavyotumiwa na vyombo kutoka Marekani, vingi vina koili moja tu iliyogawanywa. Hupunguza volti lakini havitengi. Namna ya kukagua ni rahisi: kikiwa kimechomolewa kabisa, pima omu kati ya pini za kuingizia na matundu ya kutolea. Mita ikionyesha omu chache, koili ni moja, kiache. Isipoonyesha muunganiko wowote, zimetengana.

UKITAKA KUUNDA

Sisemi mwanafunzi asiunde. Nasema aanze na kinachowezekana. Achana na spika za omu 8 na vile vibanda vya chupa nane. Anza na amplifaya ya hedifoni zenye ukinzani wa omu 300. Sehemu moja ya kumi ya wati inatosha kabisa masikioni, na kwenye omu 300 hiyo ni volti 5.5 na miliampea 18 tu. Chupa moja ya 6AS7G, au ndugu yake 6080, ina vali mbili ndani: moja ya sikio la kushoto, moja ya kulia. Hapo kuondoa transfoma ya kutolea sauti si maringo, ni akili.

Sauti huchukuliwa kutoka kathodi badala ya anodi. Kwa mpango huu vali haikuzi volti; hupunguza kidogo, lakini hutoa mkondo kwa wepesi, na ukinzani wake wa kutolea hushuka hadi karibu omu 93. Mbele yake huwekwa vali ndogo kama ECC82 ya kukuza volti kwanza. Mmoja anapaza sauti, mwingine anabeba mzigo. Kapasita ya kutolea iwe mikrofaradi 47 au zaidi, na nyuma yake, sambamba na hedifoni, pawe na rezista ya omu elfu moja au mbili ili kapasita ijae kabla hedifoni hazijachomekwa. Bila rezista hiyo, ukichomeka utapigwa kofi la sauti. Hedifoni za bei rahisi za omu 32 hazifai hapa, maana zinataka mkondo mkubwa kuliko zinavyostahili kupewa na vali moja.

Makala haya si ramani ya kazi. Ramani kamili itafutwe pamoja na mwalimu wa fizikia, na kazi ifanywe yeye akiwepo. Lakini masharti ni haya:

1. Transfoma ya nguvu yenye koili zilizotengana, na fyuzi upande wa kuingizia stima.

2. Bati lote liunganishwe na waya wa ardhi wa plagi ya pini tatu. Hakikisha tundu la ukutani lenyewe lina ardhi ya kweli.

3. Kila kapasita kubwa ya volti nyingi iwekewe rezista ya kuimwaga. Kapasita ya mikrofaradi 100 ikiwa na rezista ya omu 100,000 huhitaji karibu dakika moja kuisha. Kapasita isiyo na rezista inaweza kukaa na chaji muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa, ikakungoja.

4. Chomoa, ngoja, pima kwa mita, ndipo uguse. Pima hata kama una hakika.

5. Ikilazimu kupima ikiwa imewashwa, mkono mmoja uwe mgongoni au mfukoni, ili mkondo usipate njia ya kupitia kifuani. Usifanye kazi peke yako, wala ukiwa miguu mitupu.

6. Ukiwasha, acha hedifoni mezani hadi vali zipate moto vizuri, upime volti za kutolea, ndipo uvae.

Na redio ya babu? Usiizoee kama ng'ombe wa kwenu. Ichukulie kama ng'ombe wa jirani: hujui atapiga teke lini. Tafuta jina la kila vali lililoandikwa kwenye kioo. Ukiona yanaanza na herufi U, funga mgongo wa redio, irudishe kabatini, umwachie fundi anayezijua.

WAZO LILILOSHINDA

Mtu anaweza kusema kwamba Futterman alipoteza bure maarifa yake, maana vali zilikuja kushindwa na transista. La hasha! Transista kwa maumbile yake ni mtu wa mkondo mkubwa na volti ndogo, kama spika. Wanaelewana bila mkalimani. Mwaka wa 1956 mhandisi H. C. Lin wa kampuni ya RCA alionyesha namna ya kupanga transista zisukume na kuvuta bila transfoma ya kutolea sauti, na katika miaka iliyofuata transfoma hiyo ikatoweka polepole katika redio na amplifaya za kawaida. Amplifaya inayotikisa matatu ya kwenda Njoro au Gilgil haina transfoma ya kutolea sauti. Wazo lilikuwa sahihi. Lilikuwa likisubiri kifaa kinacholifaa.

Lakini tazama: vyombo vingi vya kisasa vinavyochomekwa ukutani, hadi chaja halali ya simu yako, bado vina transfoma ya kututenga na stima, ingawa imekuwa ndogo kama punje ya hindi. Miaka yote hii ya maendeleo haijampata mtu wa kuibadilisha kanuni yetu. Ya sauti imeondoka, ya uhai imebaki.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, wapo wanaodai kwamba mambo ya umeme hayasemeki kwa lugha yetu. Nimejaribu kusema ya volti, omu na kathodi bila kukwama, na palipokosekana neno la asili nimelivisha neno la kigeni kanzu ya Kiswahili likaenda nalo. Onyo linalookoa maisha ya mtu halina budi kufika kwa lugha anayoielewa hata akiwa na hofu. Basi ukimwona mwenzako ameinamia redio kuukuu na bisibisi mkononi, usimpite. Muulize swali moja tu kabla hajachomeka plagi: "Ndugu, transfoma uliyoiondoa ni ipi?"